Mdhamini wa Mashine

Kama dharau ingekuwa mazao, Ishmael wa Wema angelisha kaunti nzima na bado angebaki na akiba ghalani. Alikuwa na saiba pale Garsen, chumba kimoja cha mabati chenye feni inayokoroma, na juu ya mlango bango la bluu lililowatangazia wapita njia kwamba humo hamtumiki mifumo ya wizi. Maana yake ni kwamba kompyuta zake ziliendeshwa na Linux, mfumo huria ambao mtu huupata bure na kuufungua apendavyo. Hilo si kosa, na wala si sifa ya kumfanya mtu atembee kifua mbele. Lakini Ishmael alilivaa kama kilemba. Mteja aliyekuja kuchapa barua ya kuomba kazi alisomewa kwanza hotuba juu ya utumwa wa mifumo ya kununua, na aliyethubutu kuuliza kwa nini herufi zimetoka ndogo aliambiwa akajifunze kompyuta kwanza ndipo aje kuuliza maswali.

Mashine yake kubwa, ile aliyoipenda kuliko ndugu zake, ilikuwa na kadi ya picha aliyoinunua Mombasa ikiwa mtumba. Kadi ya picha ndicho kile kipande ndani ya kompyuta kinachochora vitu tunavyoviona kwenye kioo. Ina kumbukumbu yake yenyewe, na humo huweka akiba ya picha ili isilazimike kuchora upya kila mara. Akiba hiyo ndiyo iliyokuwa na ugonjwa. Ukiilaza mashine kisha ukaiamsha, kadi haikujua kwamba mambo yamebadilika. Ilichota picha ya zamani akibani ikaibandika mahali pa mpya. Faili lilikuwa sawa, na ukichapa karatasi ilitoka sawa. Kioo tu ndicho kilichobaki kinasimulia ya jana. Mteja mmoja, Baya, alipokuja kutazama kadi ya harusi ya bintiye, alimkuta bwana harusi amevaa suti nzuri na uso wa marehemu ambaye tangazo lake la mazishi lilitengenezwa humo humo asubuhi. Ishmael alimwambia akapimwe macho.

Aliyemweleza kinagaubaga ni Mwalimu Hanan, anayefundisha kompyuta kwenye chuo cha ufundi. Alikuja kuchapa mitihani, akaona kioo kinavyochanganya picha, akasema kwa upole kwamba draiva, yaani programu inayoiongoza kadi ile, haipatani na mfumo, kwamba akiba haisafishwi mashine inapoamka, na kwamba dawa ni kupandisha toleo jipya au kuizima akiba hiyo kabisa, mashine iende polepole lakini iseme kweli. Ishmael alicheka mbele ya wateja. Alisema mtu aliyesomea mifumo ya kununua hana la kumfundisha mtu huru. Kumbe hata wenzake wa mtandaoni, waliomzidi kwa kila hali, walikuwa wameshamwambia maneno hayo hayo, naye akawajibu kwa matusi ya Kiingereza cha kuazima. Wahenga walisema mdharau mwiba, mguu huota tende. Tende la Ishmael liliota kichwani.

Basi mwaka huo mto ulifurika vibaya, ukala kingo, ukazifuta malka. Malka ni njia ya mifugo kushuka mtoni kunywa maji, na pasipo na malka ng'ombe hajui mpaka. Hupita penye mpunga, na mwenye mpunga huchukua panga, na mwenye ng'ombe huchukua fimbo, na yanayofuata watu wa Tana wanayajua na hawapendi kuyataja. Kwa hiyo wazee wa pande mbili walikaa mapema. Upande wa wafugaji alikuwepo Mzee Galma, Mworma mrefu mwenye sauti ndogo. Upande wa wakulima alikuwepo Mzee Buya wa Wema, Mpokomo. Wakakubaliana malka mpya ipimwe na mpima ardhi wa kutoka Hola, mtu asiye na ng'ombe wala mpunga, na ramani yake ionyeshwe mbele ya watu wote ukumbini Minjila, asije mtu akasema hakuona.

Njia zilikuwa mbili tu. Moja ilishuka moja kwa moja hadi mtoni, fupi, nzuri kwa ng'ombe mwenye kiu, lakini ilipasua katikati shamba la Rebecca, mamake Ishmael. Ya pili ilizunguka na kufuata mkondo mfu, pale mto ulipopita zamani. Ilikuwa ndefu na ya kuchosha, ila haikugusa shamba la mtu.

Rebecca alikuwa mjane, na shamba lile ndilo lililomlea yeye na mwanawe tangu mumewe afariki. Chini penye maji alilima mpunga, juu kidogo alikuwa na migomba, na mpakani miembe ambayo mumewe aliipanda kwa mkono wake. Karo ya Ishmael ilitoka humo, na hata mtaji wa saiba ulitoka humo. Hakuwa na kipande kingine. Tangu habari ya malka ianze, mama wa watu alikuwa hali vizuri wala halali vizuri.

Asubuhi ya baraza Ishmael alifika ukumbini kabla ya watu, yeye na mashine yake na projekta, kwa kuwa chifu hakumpata mwingine mwenye vifaa hivyo. Mpima ardhi alikuwa ameshampigia simu. Barabara ya Hola imekatwa na maji, hawezi kufika, ila atatuma ramani ya mwisho kwa njia ya mtandao. Na uamuzi wake ni mkondo mfu. Ishmael akafurahi, si haba. Rebecca alipowasili na kina mama wenzake alimvuta kando akamnong'oneza kwamba shamba limepona, asiwe na wasiwasi. Rebecca alifumba macho kidogo, akashukuru Mungu, akaenda kuketi.

Sasa sikiliza alivyofanya mtaalamu wetu. Ili kuipanga projekta vizuri kwenye shuka lililotundikwa ukutani, alihitaji picha yoyote ya ramani. Alifungua rasimu ya kwanza ambayo mpima ardhi aliituma wiki zilizopita, ile yenye njia fupi, ile iliyopasua shamba la mama. Akaivuta, akaisogeza, ikakaa vizuri. Kisha watu walipoanza kuingia akaizima projekta na kuilaza mashine, maana kulikuwa na dua ya shehe, na sala ya mchungaji, na hotuba ya chifu, ambayo kwa urefu ilizishinda zote mbili. Katikati ya hotuba simu yake ikamjulisha kwamba ramani ya mwisho imeingia. Ishmael akaiamsha mashine, akalipokea faili bila kulifungua, akatabasamu peke yake.

Kabla hajawasha projekta, Mzee Galma aliinua mkono. Aliuliza ramani hii italetwa na nani ikiwa aliyeipima hayupo. Ishmael akamjibu kwamba italetwa na kompyuta, na akalivuta neno kompyuta kama anayemfundisha mtoto kusoma. Kina mama wakatazamana. Galma hakukasirika. Desturi ya mabaraza ya pande ile ni moja, kwa mfugaji na kwa mkulima: shahidi hasikizwi mpaka apatikane mtu wa kumdhamini, na mdhamini huweka kitu chake mbele ya watu. Shahidi akisema uongo, kitu kile kimekwenda. Mwaka uliotangulia ng'ombe wa kina Galma waliingia kwenye mpunga wa Wema, shahidi wao akakutwa na uongo, na mdhamini wake, binamu wa Galma, alitoa mtamba bila kunung'unika.

"Kwetu shahidi kama hana mtu anasimama na yeye, hatusikii," alisema Galma. "Hii shahidi yako haina baba, haina mama, haina ukoo. Ikisema uongo tutashika nani?"

Ishmael alicheka kile kicheko chake cha saiba. "Nishikeni mimi. Mashine haidanganyi, Mzee. Wanaodanganya ni watu."

"Na wewe tutashika kwa kitu gani? Ng'ombe huna."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angekohoa, akatafakari, akataja kitu cha kadiri. Lakini Ishmael alikuwa anaijua ramani, au alidhani anaijua, na mbele yake alikuwa anaona wazee waliopitwa na wakati wakiitaka kompyuta ilete mbuzi. Ulimi hauna mfupa.

"Shamba la mama pale Wema," alisema. "Mashine hii ikisema uongo leo, pitisheni ng'ombe wenu humo humo."

Mzee Buya alimwambia kwa Kipokomo aketi kwanza afikiri, na Ishmael akamjibu kwa Kiswahili, ili wote wasikie, kwamba kufikiri ni kazi anayoifanya kila siku. Galma akawageukia kina mama, akamuuliza Rebecca kama ameyasikia maneno ya kijana wake. Shamba lilikuwa la marehemu, na mwana alikuwa mmoja tu, lakini jembe lilikuwa la mama, kwa hiyo ilimpasa aulizwe.

"Nimesikia," alisema Rebecca. "Aliyesema ni mwanangu."

Ishmael akawasha projekta, akalifungua faili. Juu ya shuka yakatokea maandishi makubwa, safi, Ramani ya Mwisho, na tarehe ya siku ile ile, na jina la mpima ardhi. Chini ya maandishi yakatokea mto, na vijiji, na mstari mwekundu mnene uliotoka nyikani ukashuka moja kwa moja, ukapita katikati ya shamba la Rebecca, ukaingia majini.

Watu walianza kunong'ona. Wafugaji wakaitikia kwa vichwa, maana njia fupi ndiyo waliyoitaka. Rebecca hakulitazama shuka tena. Alikuwa anamtazama mwanawe. Na Ishmael, yule mwerevu, alijua papo hapo. Maandishi yalikuwa mapya na picha ilikuwa ya asubuhi. Kadi ilikuwa imefanya kile kile ilichomfanyia Baya. Kilichotakiwa wakati ule ni sentensi moja tu ya kiungwana: jamani, kioo kina kasoro, picha hii ni ya zamani. Angeisema mara ile, kabla mtu hajauliza, pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini sentensi hiyo ilikuwa na Hanan ndani yake, na Baya ndani yake, na wale Wazungu wa mtandaoni. Badala yake alianza kubofya. Akaivuta ramani karibu, akaisukuma mbali, akaifunga na kuifungua. Mstari haukutikisika. Galma alipouliza kama hilo ndilo neno la shahidi, Ishmael alisema wasubiri kidogo tu, akaizima mashine yote na kuiwasha upya, bila kusema kwa nini.

Ilipowaka, akiba ilikuwa imefutika. Maandishi yale yale, tarehe ile ile, mto ule ule. Mstari mwekundu sasa ulikuwa umezunguka mbali na kushuka kwa mkondo mfu, na shamba la Rebecca lilikuwa limebaki safi.

Sauti moja ya nyuma ikasema taratibu kwamba mstari umemwona mama wa mtu, ukaona haya, na ukumbi mzima ukacheka, wakulima na wafugaji pamoja, jambo ambalo halikuwa limeonekana Minjila kwa muda mrefu.

Ishmael akajitetea. Loo, alijitetea. Alianza na kadi, akaenda kwenye kumbukumbu ya kadi, akaingia kwenye akiba na draiva na kulala na kuamka kwa mashine, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoonekana mwongo zaidi, kwa sababu kila neno lililotoka lilikuwa likilivuta shamba la mamake nje ya njia. Mwisho akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu afungue saiba: alimwomba mtu amsaidie. Alimwita Mwalimu Hanan, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, awaambie watu kama ni kweli au si kweli.

Hanan alisimama. Angeweza kulipiza, na nani angemlaumu? Lakini alisema ni kweli, kadi ile ina ugonjwa huo hasa, ramani ya kwanza ilikuwa picha ya zamani na ya pili ndiyo sahihi. Galma akamuuliza kama mwenye mashine alikuwa anaujua ugonjwa huo.

"Nilimwambia mimi mwenyewe, kabla ya mvua."

"Akasema nini?"

"Akasema sijui kitu," alisema Hanan, akaketi.

Mzee Galma alizungumza kidogo kwa Kiorma na wenzake, kisha akamtazama Ishmael. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha kijana kuliko hasira.

"Ile ya kwanza ilikuwa uongo?"

"Uongo, Mzee. Haki ya Mungu."

"Mimi nakuamini," alisema Galma. "Mwalimu pia naamini. Shahidi amesema uongo mbele yetu, na mwenye kusimama na yeye ni wewe."

Ishmael alikaa kidogo ndipo akaelewa. Alikuwa amepigania kuaminiwa, na sasa ameaminiwa. Kama angesema picha ya kwanza ni kweli, ng'ombe wangepita kwa haki ya ramani. Kwa kuwa alithibitisha, tena kwa mashahidi, kwamba ni uongo, ng'ombe watapita kwa haki ya dhamana. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na mashine, wa pili ameufunga yeye kwa mkono wake, huku akicheka.

Akamgeukia Mzee Buya. Huyu ni mtu wa Wema, ni wa ukoo, hatakubali shamba la Mpokomo liende kwa sababu ya kijana kuropoka. Buya alipangusa miwani kwa muda mrefu. Alisema shamba lile analijua tangu mwenye shamba alipokuwa hai, na linamuuma. Halafu akawauliza wakulima kama wanamkumbuka mtamba wa mwaka jana. Walimkumbuka, walimgawana. Akasema mtamba yule alitoka kwa mtu ambaye hakuharibu kitu, ila alisimama tu nyuma ya ndugu yake mwongo.

"Leo tukisema mdhamini wetu halipi, kesho ng'ombe wakila mpunga tutamwendea nani?" aliuliza Buya.

Chifu alitaka kusema neno juu ya sheria, wazee wakamtazama, akalimeza. Ishmael alipiga kelele kwamba hii ni dhuluma, kwamba ukweli uko pale ukutani, mwekundu, wautazame. Walikuwa wanautazama. Hakuna aliyeukana.

Rebecca akainuka. Hakulia, wala hakumtazama mwanawe. Aliomba jambo moja tu, kwamba wamwache avune mpunga uliopo kwanza. Galma alimwambia avune, na avune bila haraka, na ng'ombe atakayetia mguu kabla ya hapo mwenyewe atalipa. Shehe akaomba dua, mchungaji akasema amina, na kwa watu wale neno likishaombewa halifunguliwi tena.

Ishmael hakukubali, la hasha. Alirudi Garsen akafunga saiba, akawatukana wazee kwa majina yote aliyoyajua, washamba, wajinga, makumbusho yanayotembea. Akaizima ile akiba ya kadi, jambo lililomchukua muda mfupi kuliko kunywa chai, na mashine tangu siku hiyo ikasema kweli tupu. Halafu akapanga mipango. Ataenda Hola, atamleta mpima ardhi, atatafuta wakili Malindi, atawaonyesha hawa watu sheria ni nini. Mpunga ulipokaribia kwisha kuvunwa alikwenda Wema na ramani ya kuchapa chini ya kwapa ili amweleze mama mpango wake.

Alimkuta shambani, kwenye migomba, ameinama anang'oa machipukizi ya kwenda kupanda kwenye ua wa dada yake, pahali padogo palipobaki. Udongo ulikuwa umemjaa mikononi mpaka kwenye viwiko. Ishmael alisimama mbele yake akaanza kueleza. Alieleza kosa la kadi upya, akaeleza kwamba kimsingi shamba halijaguswa, kwamba katika faili shamba ni zima, kwamba wazee hawaelewi tofauti ya faili na kioo. Rebecca alimsikiliza mpaka mwisho, maana hakuwahi kumkatiza tangu akiwa mdogo.

"Ile mashine kubwa ni yako?" aliuliza.

"Ni yangu, mama."

"Si ya mkopo, si ya mtu?"

"Ni yangu kabisa."

"Basi ulipoulizwa utashikwa kwa kitu gani," alisema Rebecca, "mbona hukuitaja hiyo?"

Mtu aliyekuwa na jibu la kila mteja, na la mwalimu, na la wazee wa pande mbili, alisimama kwenye udongo wa babake akalitafuta jibu asilipate. Au tuseme alilipata, akashindwa kulisema. Siku ile ukumbini mashine haikumjia akilini hata kidogo, kwa sababu aliipenda na asingekubali kuipoteza. Kilichokuja upesi mdomoni ni kile alichokuwa amekidharau maisha yake yote. Rebecca alimtazama usoni mpaka akajua kwamba amejibiwa. Kisha akainama akaendelea kung'oa machipukizi.